Umeme Haukukatika

Mama Bonge alijua kuna jambo kabla hata hajavua viatu. Jioni zote alizorudi kutoka kazini mapema, bintiye alitambua mlio wa funguo zake mlangoni, akaanza kurusha miguu na kupiga kelele za kudai ziwa. Jioni ile funguo zililia, mlango ukafunguka, na ndani kukawa kimya. Bibi, mama mkwe wake, alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, mtoto amemlalia begani kama nguo iliyofuliwa ikasahauliwa bila kuanikwa.

"Ametapika kidogo," Bibi alisema. "Na tumbo linamwendesha. Ni meno hayo."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi asubuhi. Usianze kuhangaika, mwanangu. Hata baba yake alikuwa hivi hivi meno yalipotaka kutoka."

Mama Bonge alimchukua mtoto. Majirani ndio waliompa jina la Bonge, kwa ajili ya mashavu yaliyokuwa yakimfumba macho akicheka, na mapaja yaliyokunjamana kama andazi lililoumuka vizuri. Mashavu yale yalikuwa wapi? Ngozi ya tumbo ilipobanwa ilisimama, ikachelewa kurudi. Utosini, pale palipokuwa pakicheza kila moyo unapopiga, palikuwa pamebonyea. Alimpuliza usoni, akamfinya kidole cha mguu. Mtoto alifumbua macho nusu, hakumtazama mtu, akayafumba.

"Mama, haya si meno!"

Baba Bonge alitokea mlango wa uani, bado amevaa ovaroli yake ya kazi, anajifuta mikono kwa kitambaa. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana moja upande wa pili wa mji, na kwa kawaida alirudi baada ya mkewe. Mama Bonge hakujiuliza kwa nini leo ametangulia. Alimsukumia mkononi mfuko wa nepi, akasema neno moja tu.

"Teksi."

*

Hospitalini walimtafuta mtoto mshipa mkononi, wakaukosa. Wakatafuta mguuni, wakaukosa. Hatimaye nesi mmoja mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, alimnyoa nywele kidogo juu ya sikio, akaupata hapo. Bonge alichomwa sindano zote hizo bila kutikisika. Baba Bonge aliangalia ukuta. Mama Bonge aliangalia sindano, kila moja, kwa sababu alihisi akigeuza uso mtoto atajua ameachwa.

Walipopewa kitanda katika wodi ya watoto, nesi alivuta stuli, akaanza kuuliza.

"Anakula nini?"

"Maziwa yangu tu, sista. Hatujaanza kumlisha."

"Lakini umevaa sare ya kazi."

"Mimi ni keshia, duka kubwa la vyakula. Nakamua kazini, nayagandisha nyumbani. Bibi yake ndiye anayemnywesha nikiwa sipo."

Kusema hivyo kulikuwa rahisi. Kufanya ni kitu kingine. Pale dukani hapakuwa na chumba cha kukamulia. Mama Bonge alikwenda stoo, akakaa juu ya kreti lililopinduliwa kati ya maboksi ya sabuni, mgongo ameukandamiza mlangoni kwa kuwa mlango ule haukuwa na komeo. Pampu ya mkono ililia kwik, kwik, na nje wenzake waliokuwa wakipanga bidhaa walisikia. Msimamizi wake alikuwa na mzaha mmoja asiouchoka. "Ng'ombe wetu hajamaliza tu? Foleni imefika mlangoni!" Wenzake walicheka, wengine kwa aibu, wengine kwa raha. Mama Bonge alifunga vifungo vya blauzi, akatoka, akakaa kwenye mashine ya malipo, akamkaribisha mteja. Aliyameza yote hayo kwa sababu kila siku alitoka na kitu mkobani.

"Unayahifadhi vipi?" nesi aliuliza.

Hapo Mama Bonge alijua anachosema. Alikuwa amefundishwa kliniki, na hakuacha hata neno. Maziwa huwekwa katika vifuko vidogo, kila kimoja kiasi cha mlo mmoja, ili kisibaki cha kurudishwa. Kifuko hakijazwi hadi juu, maana yakiganda hutanuka. Hulazwa bapa, mbali na mlango, mbali na nyama na samaki wabichi. Ya zamani hutangulia kutoka. Huyeyushwa katika bakuli la maji ya vuguvugu, kamwe si jikoni juu ya moto, na yakishayeyuka hayarudi kuganda. Yanayobaki kwenye chupa humwagwa.

"Chupa?"

"Nachemsha mwenyewe kabla sijalala."

Nesi alishusha miwani. "Basi sijui," alisema, na kwa jinsi alivyosema ilionekana hapendi kutojua.

*

Asubuhi alipita daktari, kijana mwenye macho mekundu ya mtu aliyekesha. Nyuma yake, kando ya kitanda, walisimama Bibi na Baba Bonge waliorudi na chai. Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na mama mwenye mtoto wa kikohozi, na cha pili yake mama wa mapacha. Wodi ilikuwa na masikio mengi kuliko watu.

"Hii ni sumu ya chakula," daktari alisema. "Kwa mtoto asiyekula chochote, natazama maziwa na chupa. Chupa mnachemsha. Friza yenu inafanya kazi vizuri?"

"Inafanya kazi, dokta," Mama Bonge alijibu. "Juzi usiku tu niliigusa, ya baridi kabisa."

"Na umeme? Ulikatika nyumbani kwenu siku za karibuni? Hata mchana mmoja?"

Mama Bonge hakujua. Wiki iliyopita ilikuwa ya kuhesabu mali dukani. Aliondoka jua halijapanda, akarudi mtoto amelala, akafunua friza haraka, akasukuma vifuko vyake vipya juu ya vingine, akafunika ili baridi isitoke. Aligeuka kwa mumewe na mkwewe.

"Umeme ulikatika?"

Bibi aliangalia ncha za viatu vyake. Baba Bonge alikohoa kidogo.

"Hapana, dokta. Umeme haukukatika."

Daktari aliandika. Mama Bonge alishusha pumzi. Alau hilo limeondoka. Ndipo Bibi akasogea mbele, sauti imepanda kuliko haja.

"Dokta, na mimi niulize. Maziwa yenyewe hayawezi kuwa mabovu yakiwa bado mwilini? Maana huyu anasimama na kukaa kutwa nzima mbele ya ile mitambo, anakula vibaya, ana hasira. Mimi nililea watano, wote ziwa moja kwa moja. Sijaona maziwa ya kunifanyia hivi mtoto."

"Mama!" Mama Bonge alisema.

"Nasema kilicho moyoni. Labda maziwa yako yana kasoro. Si aibu. Ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine."

Daktari alifungua kinywa kueleza, lakini nesi alimwita kwa sauti kubwa kutoka mwisho wa wodi, mtoto mwingine alikuwa ameanza kukakamaa, naye akakimbia. Maneno ya Bibi yakabaki hewani bila kujibiwa. Mama wa mapacha alimnong'oneza mama wa mtoto wa kikohozi. Yule wa kikohozi, ambaye jana usiku alimwazima Mama Bonge kikombe chake, alinyoosha mkono taratibu, akakichukua kikombe kutoka juu ya kabati, akakisuuza kwa maji ya moto, akakisuuza tena.

Mama Bonge aliona. Alimtazama mumewe ili aseme neno. Baba Bonge alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya shuka.

Mchana kutwa alikaa na wazo hilo. Maziwa yalimjaa, kifua kikauma, na alipojaribu kumnyonyesha Bonge, mtoto hakuwa na nguvu ya kuvuta. Akakamua kwenye kopo safi alilopewa na nesi. Aliyatazama yale maziwa kwa muda mrefu, meupe, ya kawaida, na kwa mara ya kwanza tangu ajifungue aliyaogopa.

*

Kesho yake nesi alimwambia aende nyumbani akaoge, abadilishe nguo, naye mwenyewe atamwangalia mtoto. Bibi alibaki kando ya kitanda. Baba Bonge alisema anapitia karakana kuomba ruhusa.

Nyumba ilikuwa kama walivyoiacha, matapishi yamekauka kwenye mkono wa kochi. Mama Bonge alisafisha kwanza hilo. Kisha akatoa mkobani kopo la maziwa aliyokamua wodini. Kumwaga aliona uchungu, na ingawa maneno ya Bibi yalikuwa yamemkaa, bado mkono wake ulijua njia. Alikwenda kwenye friza.

Ilikuwa friza ndogo ya kufunika juu, waliyoinunua imeshatumika, mpira wa mfuniko umechoka kidogo pembeni. Ilikaa kwenye korido ya kwenda uani. Alifunua, na mara hii hakuwa na haraka, wala hapakuwa na giza. Alitaka kupata nafasi. Akanyanyua kikapu cha waya kilichokuwa na vifuko vyake.

Kikapu kilinyanyuka kizito, kama kitu kimoja.

Alikuwa amevilaza vifuko vile bapa, kimoja juu ya kingine, kama vigae. Vya juu, vya siku mbili za mwisho, vilikuwa bado bapa. Vya chini vilikuwa vimeshikana donge moja. Vilikuwa vimelegea, vikateremka, vikaingia katikati ya nyaya za kikapu na kugandia hapo, hata kila kifuko kilikuwa kimevimba vijumba vijumba vya mraba chini yake. Kimoja kilikuwa kimepasuka mshono, na maziwa yake yalikuwa yameganda sakafuni mwa friza, yamechanganyika na maji mekundu mekundu yaliyotoka kwenye mfuko wa samaki upande wa pili.

Alisimama na kikapu mikononi hadi vidole vikaanza kuuma.

Barafu haitembei. Haiteremki kwenye waya, haivuji kutoka upande mmoja hadi mwingine. Maji ndiyo yanayotembea. Maziwa haya yalikuwa yameyeyuka yote, yakakaa maji kwa muda wa kutosha kujipatia umbo jipya, kisha yakaganda tena. Na ya chini, ya zamani, ndiyo aliyomwambia Bibi ayatoe kwanza.

"Lakini umeme haukukatika," alijisemea kwa sauti.

Alifuata waya wa friza kwa macho hadi ukutani. Ilikuwa soketi nene, ya pekee ndani ya nyumba, iliyowekwa kwa ajili ya vyombo vizito. Pembeni ya matundu yake plastiki ilikuwa imeungua, imekuwa ya kahawia. Friza haikuwahi kuunguza soketi. Chini yake, kando ya mlango wa uani, palikuwa na unga mweusi na vipande vya chuma vya duara, vidogo kama dengu.

Alifungua mlango. Uani, ubavuni mwa ukuta, palisimama geti jipya la chuma, nusu limepakwa rangi ya kuzuia kutu.

Jirani wa nyumba ya pili alikuwa akianika nguo. "Mama Bonge! Pole jamani, mtoto anaendeleaje?"

"Bado yupo kwenye dripu. Jirani, geti hili ni la nani?"

"Si la yule mwenye duka la rangi? Baba Bonge kalitengeneza hapo hapo wiki nzima, masikio yetu yamekoma. Ila mimi sikulalamika. Nilimwambia hata mume wangu, mwanamume akipunguzwa kazini asipokaa kitako akalia, huyo ni mwanamume."

"Nani kapunguzwa kazini?"

Jirani alibaki ameshika shati lenye maji, linamdondokea miguuni. "Mungu wangu," alisema. "Hukuwa unajua?"

*

Mama Bonge alirudi hospitalini na donge la vifuko ndani ya mfuko wa plastiki, amelizungushia taulo. Baba Bonge alikuwa amekaa kwenye benchi la korido. Hakuwa amekwenda karakana wala popote. Mkewe aliliweka donge katikati yao, akalifunua.

Mumewe aliliangalia, kisha akaangalia sakafu.

"Kila asubuhi," alisema Mama Bonge, "tunatoka pamoja. Tunaagana njia panda. Unaniambia kazi njema."

"Nilikuwa nasubiri upande gari. Kisha narudi."

"Tangu lini?"

"Tangu karakana ilipotupunguza. Kabla ya wiki yenu ya kuhesabu mali. Nilitaka nipate kazi nyingine kwanza ndipo nikwambie. Ile ya geti ilipatikana, nikaazima mashine ya kuchomelea. Soketi nyingine haziwezi kuibeba, mama Bonge, nilijaribu, zilitoa moshi."

"Ukachomoa friza."

"Asubuhi nachomoa, jioni narudisha kabla hujafika. Nilidhani friza ikifunikwa inabaki na baridi yake."

"Siku nzima? Joto lote hili, na mama yako anaifunua kila mtoto akilia?"

Baba Bonge alianza kukwangua rangi iliyokauka kwenye kucha zake.

"Haya. Hukujua. Naweza kukubali kwamba hukujua," alisema, sauti yake ikashuka ikawa nyembamba. "Na jana? Dokta alipokuuliza?"

"Aliuliza kama umeme ulikatika."

"Nawe ukamjibu."

"Nilimjibu alichouliza."

Mama Bonge alimtazama kama mtu aliyekuta mgeni amevaa shati la mumewe. Mtu huyu alimjua anavyokoroma, anavyokata kucha, anavyoimba vibaya akimwogesha mtoto. Hakujua kama ndani yake mna mahali pa kuweka jibu kama lile. Mtoto kachomwa sindano kichwani, na yeye kasimama hapo anapima neno la daktari ili aone kama kuna upenyo wa kupita.

"Ulimsikia mama yako anasema maziwa yangu yana kasoro," alisema. "Uliwaona wale wanawake. Ulikuwa umesimama karibu yangu hivi, bega kwa bega. Ulikuwa unajua, baba Bonge."

"Nilikuwa nashuku tu."

"Ukakunja shuka."

Donge lilikuwa limeanza kutoa maji. Harufu yake ilipanda taratibu, harufu ya uchachu na ya samaki.

Bibi alitokea wodini kuangalia kama chai imeletwa. Aliona kilichokuwa kwenye benchi, akasimama na mkono ukutani.

"Mama, na wewe ulijua?" Mama Bonge alimwuliza.

"Kujua nini?"

"Kwamba maziwa yalikuwa yakiyeyuka."

Bibi alimtazama mwanawe, akitafuta ruhusa au msaada. Hakupata. Akaketi mwishoni mwa benchi, pole pole.

"Niliyakuta maji," alisema. "Nikamwuliza mwenzio, akasema usijali Mama, jioni yataganda. Kesho yake nilifungua asubuhi, kweli, yameganda kama jiwe. Nikasema basi yamepona."

"Yamepona?"

"Kitu kikiganda si kimepona? Mimi sijui mambo ya friza, mwanangu. Sisi tulikuwa tunapika leo tunakula leo."

"Hayakunuka?"

"Yalinuka kidogo. Nikajua ndivyo maziwa ya friza yanavyonuka. Mtoto alikunja uso, akakataa. Nikamchezea mdomo na chuchu ya chupa mpaka akanywa. Nilitaka ukija uone amemaliza. Ulikuwa unafurahi ukikuta chupa tupu."

Mama Bonge aliziba mdomo kwa mkono. Hakuna aliyemwuliza Bibi hilo la mwisho. Alilitoa mwenyewe, na sasa lilikuwa hapo, haliwezi kurudishwa. Mtoto alikataa. Mtoto wa miezi mitano, asiyejua kitu, alionja akajua, akakunja uso, na watu wazima wanaompenda wakamlazimisha kwa ubembelezaji.

"Kwa nini basi ukamwambia dokta ni mimi?"

"Niliogopa wataniuliza nani alimshikia chupa."

Ilikuwa kweli tupu, na Bibi alipoisema alizeeka mbele yao. Mama Bonge alitaka kumhurumia, akajitafuta, akakuta huruma haijafika.

*

Nesi ndiye aliyemwita daktari. Daktari alilitazama donge, akaligeuza kwa kalamu, akaona lile umbo la waya, na hakuhitaji maelezo marefu.

"Yaligandishwa, yakayeyuka, yakagandishwa tena? Mara ngapi?"

"Siku tano au sita," alisema Baba Bonge.

"Na samaki wabichi humo humo." Daktari alivuta pumzi. "Mzee, watu wengi wanadhani baridi inaua vijidudu. Haiui. Inavilaza tu. Ukiyeyusha vinaamka, vinazaana, ukigandisha unavilaza vikiwa vingi zaidi. Ukirudia siku nyingi hivyo, unamnywesha mtoto shamba zima." Aliangalia chati. "Laiti ningejua jana. Nilikuwa nampa maji tu, nasubiri apate nafuu. Ningeanza dawa jana."

Hakuongeza sauti. Alisema kama mtu anayesoma kilichoandikwa, akaenda kuagiza dawa. Baba Bonge alibaki ameshika ukuta.

"Jana," alirudia. "Amesema jana."

"Nimesikia alichosema," Mama Bonge alijibu.

"Nifanye nini? Niambie tu. Nikupigie magoti hapa hapa, nitapiga."

"Sitaki magoti." Alinyoosha kidole kwenye mlango wa wodi. "Mama yako alisema mle ndani, mbele ya watu, kwamba nina maziwa mabovu. Wewe ulikuwepo. Nenda mle mle ukaseme ilivyokuwa. Kwa sauti ile ile."

"Mama Bonge, wale watu hatuwajui. Kesho kutwa tutaondoka."

"Mimi nimelala nao wodi moja. Mmoja amekisuuza kikombe mara mbili kwa sababu nilikishika."

Baba Bonge aliangalia ovaroli yake, akaifunga kifungo cha juu kilichokuwa wazi, akaingia. Mkewe alimfuata, na nyuma yao Bibi. Alisimama kati ya vitanda, mikono haijui pa kwenda. Alianza kwa kunong'ona, akakatisha, akaanza upya.

"Samahanini jamani. Mimi ni baba wa yule mtoto wa pale dirishani. Jana mlisikia maneno hapa kuhusu maziwa ya mama yake." Alimgeukia mkewe. "Maziwa yake hayana kasoro yoyote. Mimi nilipunguzwa kazini, nikamficha mke wangu. Nikawa nachomoa friza mchana nipate kufanya kazi nyumbani. Maziwa yakaharibika, mtoto akanyweshwa. Dokta aliponiuliza, nikaficha tena. Ni mimi."

Mama wa mapacha alimvuta mmoja wao karibu na kifua. Baba mmoja aliyekuja kumwona mwanawe aligeuza uso dirishani, kwa adabu au kwa woga wa kujiona. Mama wa mtoto wa kikohozi alijaza kikombe chake chai, akaja nacho hadi kitandani kwa Mama Bonge, akakiweka juu ya kabati. Hakusema samahani. Alisema, "Kunywa ingali ya moto."

Mama Bonge alikishika kwa mikono miwili. Ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu jioni ile, akilia bila sauti.

*

Dawa ilichelewa siku moja, nayo ilichelewa kufanya kazi. Usiku ule na mchana uliofuata Bonge hakuwa wa upande huu wala ule, na Mama Bonge hakumwacha mtu mwingine amguse isipokuwa nesi. Kisha kuharisha kukapungua. Kisha akakojoa, na nesi mnene akainua nepi ile yenye maji kama mtu aliyeshinda kombe. Siku ya nne alivuta ziwa, kwa udhaifu, akapumzika, akavuta tena. Mama Bonge alijizuia asimwangalie sana, asije akatumaini kabla ya wakati.

Baba Bonge alimwaga kila kilichokuwa kwenye friza. Donge nalo alilirudisha nyumbani, akavipasua vifuko vyake kimoja kimoja kwenye sinki, na alisimama hapo mpaka vyote vikayeyuka, akisoma kwenye kila kimoja tarehe iliyoandikwa kwa mwandiko wa mkewe, ambayo hakuwahi kuisoma. Aliosha friza kwa maji ya moto na sabuni. Geti la mwenye duka la rangi alilimalizia kwenye karakana ya rafiki. Alipomweleza mkewe hayo yote, kando ya kitanda, alikuwa kama mtoto anayeonyesha daftari. Alijibiwa, "Vizuri." Hakuna zaidi.

Siku ya kuruhusiwa walitoka watatu na mtoto. Bonge alikuwa mwepesi, shingo imeonekana, nguo alizovaa alipoingia zikimpwaya. Baba Bonge alibeba begi, akatangulia kutafuta teksi. Kwenye ngazi za mbele Bibi alimshika Mama Bonge kiwiko.

"Mwanangu, nipe nimbebe hadi kwenye gari. Umechoka."

Mama Bonge alisimama. Aliona jinsi Bibi alivyokwisha kuandaa kifua chake, khanga imekunjwa begani, tayari kupokea. Kwa miezi yote hii alimwachia mtoto asubuhi bila hata kugeuka nyuma, kwa sababu hakuna mikono duniani aliyoiamini kuliko hiyo.

"Leo hapana, Mama."

"Kesho?"

Mama Bonge alifikiri kusema uongo mdogo, ule wa heshima, ambao kila mtu husema mlangoni.

"Sijui," alisema.

Bibi alitikisa kichwa mara mbili tatu, akakubali. Akaikunjua khanga begani, akaishika mkononi, akashuka ngazi nyuma ya mkwewe, akiangalia miguu ya mwenzake isije ikateleza.